Karatasi Ndani ya Kifuniko

Afande alikuwa na kauli moja kuhusu michoro ya saketi, na aliisema bila kuinua kichwa, penseli ikiwa imebanwa kwenye meno: "Kama lazima mimi niko hapa ndiyo wewe unaelewa, hiyo si mchoro. Hiyo ni mimi." Ukimwomba aifafanue alikuona mjinga. Nimeitilia shaka kauli hiyo kwa kila njia ninayoijua, maana ndivyo nilivyo, sikubali kitu kwa sababu tu mkubwa amekisema, na hadi leo sijaona pa kuivunjia. Ingekuwa ya uongo ningelala vizuri zaidi.

Mtaa mzima wa Kamwokya, hapa Kampala, ulimwita Afande, kuanzia wauza mboga hadi paroko. Alikuwa fundi wa redio za mawasiliano jeshini, na alipovua sare alifungua karakana ya chumba kimoja nyuma ya saluni ya kina mama, ukuta kwa ukuta na studio ya muziki. Besi ya studio ilipoanza, skrubu ndogo zilitembea zenyewe mezani, naye alizizuia kwa kiganja huku mkono mwingine ukiendelea kuchora. Alitengeneza chochote chenye bodi ndani: amplifaya za baa, vipaza sauti vya msikiti na vya kanisa, mizani, mashine za zahanati. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Kila alipomaliza, alichora saketi nzima ya kifaa kile kwa mkono, nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, akaikunja, akaitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki wa maziwa uliooshwa na kukaushwa, akaibandika ndani ya kifuniko kabla hajakaza skrubu ya mwisho. Nakala yake aliiweka kwenye sanduku la bati alilotoka nalo jeshini.

Mafundi wengi wa Kampala hufanya kinyume. Wakishatengeneza, huchukua msasa wakafuta namba zilizoandikwa mgongoni mwa chipu, ili fundi wa jirani akifungua asijue ni chipu gani, na mteja asiwe na pa kwenda ila kurudi kwao. Afande akikuta chipu zimesuguliwa namna hiyo aliweka kando kazi nyingine zote. Halafu alikaa hata siku mbili akipima mguu mmoja mmoja mpaka aijue, na jina lake akaliandika kwenye mchoro kwa herufi kubwa kuliko zote.

Nilifika kwake nikiwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme. Chuo kilitaka tufanye mafunzo ya vitendo, na kampuni zote nilizoziandikia hazikujibu. Baba yangu ni polisi. Nilikulia kambini, upande wa Nakawa, na Kiswahili changu kilianzia huko kabla vitabu havijakinyoosha. Baba ndiye aliyesema, "Nenda kwa Afande. Atakufundisha ama atakufukuza."

Siku ya kwanza nilimpelekea mchoro niliouchora kwa kompyuta, kazi ya muhula iliyonipatia alama za juu. Nilitaka ajue anampokea nani. Aliutazama, akaugeuza, akaurudisha ulivyokuwa.

"Inaanzia wapi?"

"Nini?"

"Hii. Umeme inaingilia wapi?"

Nikamwonyesha, katikati, chini kidogo.

"Na inatokea wapi?"

Nikamwonyesha, juu kushoto.

"Kwa hivyo mutu anaingia kwa nyumba yako kupitia dirisha ya jiko, anatokea kwa paa."

"Programu ndiyo iliyopanga hivyo."

"Programu iko na mgonjwa?"

Sikulielewa swali hilo wakati ule. "Mchoro ni sahihi, Afande," nikasema. "Kila waya upo. Unaweza kuufuata."

"Mimi naweza. Mimi niko na siku muzima." Akanirudishia. "Haya, kaa pale, Injinia."

Jina hilo halikuniondoka tena. Alilitamka kama watu wanavyotamka jina la mtoto aliyekojoa kitandani.

Wiki ya tatu ndipo aliponiambia kwa nini ananivumilia. Alikuwa na presha ya macho. Aliweka viganja viwili pembeni mwa uso, akavisogeza polepole kuelekea puani mpaka ikabaki nafasi ya vidole viwili. "Daktari anasema itafunga. Lini, hapana sema." Kisha akanieleza habari za Sista.

Sista ni muuguzi kutoka mashariki mwa Kongo, mkimbizi, aliyefungua zahanati ya vitanda sita karibu na soko la Kamwokya. Alikuwa na mashine tatu za oksijeni, za aina inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Zilitumika ng'ambo mpaka zikachoka, ndipo zikaletwa huku kama msaada, bila karatasi yoyote. Afande alizifufua zote tatu, mara nyingi, kwa miaka, na kila moja ilikuwa na kaveera yake ndani ya kifuniko.

"Mimi nataka mutu moja," akasema. "Moja tu. Mashine inakufa, mimi sipo, anafungua, anasoma karatasi, anatengeneza. Bila kuniuliza. Hapo nitajua ilikuwa kazi."

"Na asipopatikana?"

"Asipopatikana, mimi nilikuwa nachora picha."

Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Upofu wenyewe aliuongelea kama mvua, kitu kitakachonyesha kikitaka. Alichoogopa ni kwamba maisha yake yote ya kuandika karatasi yalikuwa ni kuzungumza peke yake.

Alichora hivi. Umeme wenye nguvu alikuwa anauweka juu ya karatasi na waya wa ardhi chini, "maji inashuka, acha ishuke hata kwa karatasi." Kinachoingia kilikaa kushoto, kinachotoka kulia, kwa sababu jicho la msomaji hutembea hivyo. Mke wake, ambaye ni Mwislamu na yeye Mkatoliki, alimsikia akinifundisha hayo siku moja alipoleta chakula. "Na sisi tunaosoma kutoka kulia," akasema, "tutakufa mashine ikituangalia?" Afande alicheka mpaka akavua miwani. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena.

Rula yake ilikuwa bapa la msumeno wa chuma lililokwisha meno. Waya mbili zilizopishana bila kugusana alizipisha, moja ikiiruka nyingine kwa kidaraja kidogo. Zilizogusana aliziwekea nukta. Ila hakuwahi kukutanisha waya nne kwenye nukta moja. Alizisogeza kidogo ziwe makutano mawili ya waya tatu tatu. Nilidhani ni urembo. Nikamuuliza.

"Nzi," akasema.

"Nzi?"

"Nzi anakuja, ananya hapa, kwa njia panda. Msomaji anaona nukta. Sasa mashine imebadilika, na mwenye kuibadilisha ni mavi ya nzi. Lakini angalia vile mimi nimechora. Kwa njia panda mimi siweki nukta. Anye mahali yote. Haitabadilika."

Nilikaa miaka minne darasani bila kuambiwa jambo hilo. Chuoni tulimchorea mwalimu, ambaye jibu analo tayari. Hakuna aliyetuambia kwamba mchoro una msomaji ambaye hajui lolote, mwenye haraka, mwenye mikono ya grisi, anayesoma kwa mwanga mbaya huku mtu akimsubiri. Bodi hukuonyesha vitu vimekaa wapi. Mchoro wa Afande ulikuonyesha kwa nini vipo: viliposimama pamoja ni kwa sababu vilifanya kazi moja, hata kama kwenye bodi kimoja kilikuwa pembe hii na kingine pembe ile.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mkali bila sababu. Vifaa vyake havikuazimwa na mtu, hata bisibisi. Alimwambia mteja mmoja mbele ya watu kwamba redio yake ina akili kumzidi. Na yeye aliyetaka asomwe hakuvumilia kutazamwa: nikiinama kuangalia anachochora, alikuwa anaifunika karatasi kwa mkono mzima kama mwanafunzi kwenye mtihani. "Ngoja imalizike." Niliona ni kichekesho cha uzee.

Jambo jingine nililoliona, hilo nalo liliniteka. Vifaa vya siku hizi vina chipu ambazo roho yake ni programu, na programu haionekani hata ukiipima mwaka mzima. Nilimrushia hilo nikidhani nimemkamata. "Nusu ya mashine haichoreki, Afande. Unachora mwili wa maiti." Akanionyesha mchoro aliokuwa nao mezani. Mahali pa chipu kama hiyo alikuwa amechora mraba, na ndani yake ameandika HAPA SIJUI. Nikafungua sanduku la bati nikatazama mingine. Miraba ilikuwa mingi. Mtu mzima, mwanajeshi, mwenye jeuri ile yote, ameandika kwa herufi kubwa mahali asipojua, na kuibandika ndani ya kila mashine kwa ajili ya mtu asiyemfahamu. Kuanzia siku hiyo niliziamini karatasi zake. Nilijiambia kwamba mtu anayeandika asichokijua hawezi kuacha anachokijua. Niliiona hoja hiyo kuwa nzuri. Bado naiona nzuri.

Wasomaji hawakuwepo. Tulikwenda mara ya pili kutengeneza amplifaya ya baa moja ya Kabalagala, na katikati ya mara hizo mbili fundi mwingine alikuwa ameifungua. Kaveera ilikuwa imepasuliwa. Karatasi ilikuwa na alama nyeusi za vidole na kona moja imechanika.

"Ameshika," Afande akasema.

"Amejipangusia mikono, Afande."

"Hapana. Tazama mikunjo. Alikunjua kwanza. Alikunjua yote."

Alifurahi njia nzima. Mimi nilitaka kulia, kisha nikataka kumpiga. Nilimwambia ukweli kama nilivyouona: siku hizi hakuna anayetengeneza, watu wanang'oa bodi na kuweka bodi.

"Na bodi ingine ya mashine ya Sista iko wapi?"

"Haipo."

"Basi."

Nilihitimu. Nilipata kazi kwenye kiwanda kimoja eneo la viwanda la Nakawa, na kazi yangu ni hiyohiyo ya kung'oa bodi na kuweka bodi. Michoro hatupewi, watengenezaji wanasema ni siri yao. Jumamosi nilikuwa napita kwa Afande. Alikuwa anachora karatasi ikiwa imesogea karibu na pua.

Halafu akalazwa kwa upasuaji wa macho, na alasiri moja Sista akanipigia simu kazini.

"Dada, mashini ya kitanda ya pili imenyamaza."

Kwenye kitanda hicho alikuwa bibi mmoja muuza mkaa, mapafu yamekwisha. Mashine nyingine ilikuwa kwa mtoto mchanga, na ya tatu ilikuwa imekufa tangu zamani, ikisubiri vali isiyopatikana. Niliomba ruhusa nikaondoka. Ninaandika jambo hili kwa aibu: njiani nilikuwa na furaha. Nilikuwa nakwenda kuwa yule mtu mmoja.

Nilifungua kifuniko. Kaveera ilikuwepo. Karatasi ilikuwa safi, na ilisomeka vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika. Ilinishika mkono ikaniongoza: plagi, fyuzi, swichi kubwa, kisha mstari mmoja mnyoofu hadi kwenye mota inayosukuma hewa. Nilipima kila hatua. Umeme ulifika mpaka kwenye waya za mota, na mota haikuzunguka. Nilizima, nikapima mota yenyewe: haikupitisha kitu, kama waya uliokatika. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuchoma kidole. Niliurudia mchoro mara tatu. Baina ya swichi na mota hapakuwa na kitu ila mstari.

Bibi alikuwa ameketi, mdomo wazi, binti yake akimshika mgongo kwa viganja viwili. Sista alisimama nyuma yangu.

"Karatasi inaonyesha kwamba tatizo haliwezi kuwa kwenye..." nikaanza.

"Dada, siko nauliza juu ya karatasi. Niko nauliza kama itapumua."

"Mota imeungua, Sista. Haitapumua."

"Uko na hakika?"

"Hapo hakuna kitu kingine."

Akanitazama mara moja, akaenda kutafuta gari. Walimtoa bibi wakampeleka hospitali kubwa, na barabara ilikuwa imejaa. Alifariki kesho yake. Nilipokwenda kumpa Sista pole aliendelea kukunja mashuka. "Pengine angekufa tu," akasema. Alipomaliza shuka lile akasema tena, "Pengine." Mashine alikwisha kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa mimi nilisema imekufa, na kitanda kilihitaji nafasi.

Afande alirudi na jicho moja linaloona mwanga na kivuli, na jingine halioni kitu. Nilimweleza yote. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mota ilikuwa baridi ama moto?"

"Moto."

"Na ile kitu ya joto?"

"Kitu gani?"

"Ndani ya mota. Chini ya kitambaa ya waya. Ndogo, kama haragwe. Mota ikipata moto sana, hiyo inakata umeme. Ile yake imezeeka, ikikata saa ingine hairudi. Unabadilisha tu. Mimi nimebadilisha mara mbili."

"Haiko kwenye mchoro, Afande."

"Iko."

Karatasi nilikuwa nayo. Niliichukua siku ile. Nikaitandaza magotini pake. Akaweka kidole upande wa kushoto, akakitembeza: plagi, fyuzi, swichi. Alizijua nafasi zote kwa kugusa. Akasimamisha kidole karibu na mota. "Hapa."

Palikuwa na mstari mnyoofu.

"Hapo hakuna kitu."

"Angalia vizuri. Fungua dirisha."

Nikafungua dirisha. Mstari ulikuwa uleule.

Nilijitetea nyumbani kwa wiki nyingi. Mhandisi mwenye akili angejua kwamba mota nyingi huwa na kinga ya joto. Angekata kitambaa akatazama. Ni kweli. Lakini mchoro unaokuonyesha kila kitu, hadi mahali mwandishi wake asipojua, hukufundisha jambo moja baya sana: kwamba kisichochorwa hakipo. Ningekuwa sina karatasi ningetafuta. Nilikuwa nayo, nikaisoma.

Ndipo nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo. Kila Jumamosi nilizunguka: Kabalagala kwenye baa, msikitini, kanisani, zahanati, kwa wenye mizani sokoni Nakawa. Wengine walinifukuza. Walioniruhusu nilifungua vifuniko vyao, nikalinganisha karatasi na kifaa, waya kwa waya. Nilimaliza vifaa kumi na saba. Kila karatasi ilikosa kitu kimoja. Kimoja tu, na kila mara si kilekile: hapa waya uliopita chini ya bodi, pale fyuzi ya pili iliyofichwa kwenye mkia wa transfoma, pengine swichi ndogo ya mlango. Na kila mara kilikuwa kitu ambacho usipokijua utakitupa kifaa kizima ambacho hakijafa. Mtu anayesahau husahau ovyo, viwili hapa, hakuna pale. Hapa palikuwa na nidhamu.

Niliwaza yote. Niliwaza kwamba ni macho, lakini karatasi za zamani zilikuwa hivyohivyo. Niliwaza kwamba yeye na wenye msasa walikuwa kitu kimoja, na tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mwandiko mzuri. Niliwaza kwamba alikuwa ananipima. Karatasi ya mashine ya Sista iliyobaki ikifanya kazi niliijazia kilichokosekana kwa kalamu nyekundu. Lakini kwenye sanduku la bati zilikuwemo nakala za mashine nisizoweza kuzifikia, za zahanati ndogo za kwao Afande, kaskazini, na za vijiji nisivyovijua, zinazofanya kazi hadi leo, kila moja ikiwa na karatasi nzuri ndani ikingoja kumdanganya mtu kama mimi. Hizo aliyeweza kuzijaza ni yeye tu, kutoka kichwani mwake.

Nilikwenda nyumbani kwake mwezi uliopita. Mke wake alifungua mlango akasema kwa ndani, "Injinia wako amekuja." Afande alikuwa ameketi wima mezani, shati limepigwa pasi, mikono juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Nilimpa ukweli bila kuuzungusha.

"Kila karatasi kuna kitu kimoja hakimo, Afande."

"Umeangalia ngapi?"

"Kumi na saba."

"Yote?"

"Zote."

"Moja moja?"

"Kimoja kimoja."

Mke wake aliweka chai, akaona sura zetu, akatoka. Afande hakuigusa.

"Kwa jeshi ilikuwa sheria," akasema. "Mchoro ikitoka nje ya stoo, kitu moja inabaki kwa kichwa ya fundi. Adui akipata karatasi, redio hapana waka. Walikuwa wanatupima. Ukichora yote, unalala ndani."

"Lakini ulivua sare."

"Nilivua."

"Sasa uliacha kwa makusudi?"

Aliunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso, kama mtu anayeweza kuuona. "Mimi nilichora yote," akasema. "Hii ndiyo iliacha."

Siamini kwamba mkono unaweza kufanya jambo miaka yote hiyo bila mwenyewe kujua. Wala siamini kwamba alikuwa ananidanganya. Nimekaa na hayo mawili na hakuna linaloliondoa jingine.

"Injinia," akasema. "Wewe unauliza kila kitu. Uliniuliza kwa nini penseli, kwa nini si kalamu. Hii, nilipokuwa naona, kwa nini hukuuliza?"

Nilikuwa nimezihoji sheria zake zote, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuchukua karatasi yake moja na mashine moja nikaviweka pamoja. Nilitumia karatasi kuikagua mashine. Kinyume chake hakikunijia akilini.

Tukaanza kazi. Nilimsomea mchoro wa kwanza kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia, naye akanikatiza: "Hapo kuna diode, nyuma ya bodi." Nikaandika. Wa pili aliukumbuka, na wa tatu. Nilianza kupata matumaini. Wa nne ulikuwa wa kitanda cha kuwapa joto watoto njiti, kwenye zahanati moja ya kwao. Nikausoma mpaka mwisho.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia pole pole."

Nilirudia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Iko," akasema. "Kuna waya iko, inatoka kwa kipima joto. Inakwenda... Kwa mdomo haikuji." Akanyoosha kiganja. "Nipe penseli. Hii mukono ndiyo iliacha. Yenyewe itarudisha."

Nikampa penseli. Nikamshika kidole nikakiweka mahali pa kipima joto, kisha nikaachia. Alivuta pumzi, akaanza. Inchi ya kwanza ilinyooka kama zamani. Kisha mstari ukaanza kushuka, ukakata rezista, ukapita katikati ya chipu. Mahali fulani aliinua penseli akachora kidaraja kidogo, kwa uangalifu mkubwa, kuuruka waya ambao pale haukuwepo. Akaendelea. Penseli ikavuka ukingo wa karatasi ikaingia kwenye kitambaa, nyuzi zikawa zinanasa nchani, naye akazidi kukaza mkono, kichwa ameinamisha upande kama anayesikiliza, mpaka akasimama akabonyeza nukta.

"Imefika?"

Nikatazama nukta ile, kwenye kitambaa cheupe, kando ya kikombe cha chai iliyopoa. Nikamwambia imefika.